Mgeni Kalipa, Nyumba Ina Kanuni: Namna ya Kuepuka Ugomvi na Kuumaliza Ukizuka

Ugomvi kati ya wenye nyumba za kukodisha kwa siku na wageni wao hulipuka usiku wa manane au asubuhi ya kuondoka, lakini mara nyingi huwa umeanza siku pesa ilipotumwa. Mgeni alitumiwa picha za bwawa, kitanda na roshani inayotazama bahari. Akauliza bei, akalipa kwa M-Pesa, akaelekezwa njia. Hakuna aliyemwambia kwamba bwawa hufungwa saa kumi na mbili jioni, kwamba nyama haichomwi roshani, wala kwamba binamu zake wa Likoni hawaruhusiwi kulala. Hayo anayakuta kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango, mizigo yake ikiwa tayari chumbani. Anaisoma kama amri anayopewa baada ya pesa yake kuliwa, na hapo kumtaka atii kwa moyo mweupe ni kumtaka makubwa.

Ninazozisema hapa ni fleti za Nyali, Bamburi na Mtwapa, nyumba za Diani na Watamu, vyumba vya Lamu na vya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Wakenya siku hizi huziita zote "Airbnb", hata zile ambazo hazijawahi kutangazwa kwenye mtandao huo na hupatikana kwa WhatsApp na kwa kuambiana. Naanza na wewe mwenye nyumba, kwa kuwa ndiwe unayeandika kanuni. Mgeni ana sehemu yake huko mbele. Msimamo wangu ni huu: kanuni ambayo mgeni hakuipata kabla ya kulipa, usimtoze kwayo hata senti. Mwombe, mweleze, mpatane. Lakini pesa yake usiiguse.

Kuandika kanuni zinazoshikika

Karatasi ya kurasa mbili haisomwi. Chagua mambo ambayo yakivunjwa yatakugharimu pesa, yatamnyima jirani usingizi au yatahatarisha mtu. Hizo ndizo kanuni. Yaliyobaki, kama kuvua viatu mlangoni au kuosha vyombo kabla ya kuondoka, yaandike kama maombi na uyaache yabaki maombi.

Kila kanuni ifuatane na sababu yake. Ukiandika "madirisha yafungwe" katika nyumba ya Diani, mgeni atadhani ni ubahili wa AC. Andika hivi: "Kila utokapo funga madirisha ya jikoni. Tumbili huingia, hufungua makabati na hubeba matunda na mkate. Usiwalishe hata mara moja, wakizoea hawaondoki." Hiyo itafuatwa, na watoto wataifuata kuliko baba yao. Kwenye maji pia ni hivyo. Mtu anayetoka mahali ambapo mfereji haukauki hajui kwamba katika mitaa mingi ya Mombasa maji hayaji kila siku, na kwamba wewe unanunua ya bauza. Mwambie tangi lina ukubwa gani na linatarajiwa kuwatosha siku ngapi. Pedi na nepi mwambie ziwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa sababu choo kinakwenda kwenye shimo, na shimo likiziba hakuna atakayekaa humo, yeye wa kwanza.

Tumia vipimo. "Msipige kelele" haina kipimo. Kila mtu hudhani kelele ni za mwenzake. "Muziki wa roshani uzimwe saa nne usiku, na ndani usisikike kwa jirani" ina kipimo. Ikiwa uko Kenya, ongeza kwamba kanuni za nchi za mwaka 2009 kuhusu kelele, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, huhesabu usiku tangu saa mbili, na katika maeneo ya makazi kiwango kinachoruhusiwa usiku ni cha chini kuliko cha mchana. Mgeni akijua hivyo ataona kwamba umemlegezea.

Na saa zenyewe ziandike mara mbili: "kuondoka saa nne asubuhi (10:00)". Nyumba hizi hupokea watu wanaohesabu saa kwa namna mbili tofauti, na mtu aliyeandika "tutafika saa tatu" anaweza kumweka msimamizi wako getini kutwa nzima.

Kuna kanuni za kwetu ambazo miongozo ya kigeni haitakufundisha. Chukua hina. Siku za harusi, bibi arusi na wapambe wake hukodi fleti kwa siku mbili tatu, na hina na piko hupakwa hapo hapo juu ya kitanda. Hina ikishika shuka jeupe hutoka kwa taabu. Piko ikishika, shuka hilo limekwisha. Wenye nyumba wengi huandika "hina marufuku", kisha wanashangaa mbona wageni wa harusi wanawakwepa au wanapaka kwa kificho. Mimi nakushauri uulize mapema, kwa heshima: "Mna shughuli?" Wakisema ndiyo, waachie mkeka, leso mbili kuukuu na shuka za rangi ya kahawia, na uwaambie bei ya shuka jeupe likiharibika. Umelinda shuka zako na hukuwavunjia furaha yao.

Udi nao ni vivyo hivyo. Chetezo kikiwekwa juu ya zulia, kaa moja likidondoka limetoboa, na mgeni wa kesho asiyeuzoea moshi wake atalalamikia harufu. Weka sinia la bati na uonyeshe mahali: roshani, au sebuleni madirisha yakiwa wazi.

Bwawa ndilo linalozua maneno ya kuumiza zaidi. Kibao husema "nguo za kuogelea tu", mama anakuja na vazi lake la kuogelea la kumsitiri mwili mzima, askari anamtoa majini mbele ya watoto wake. Halafu kijana mwenye kaptura ya pamba anaachwa. Tatizo la bwawa ni kitambaa, si urefu wa nguo: dera, leso na fulana za pamba huacha nyuzi zinazoziba kichujio. Basi kanuni iseme hivyo: "Vazi lolote la kitambaa cha kuogelea, refu au fupi. Nguo za pamba haziingii majini." Na askari afundishwe tofauti hiyo kabla ya msimu, maana yeye ndiye atakayeitekeleza.

Ikiwa hutaki pombe au nyama ya nguruwe iingie nyumbani kwako, ni haki yako, hasa katika nyumba ya ukoo ya Lamu au Unguja ambamo mama yako anakaa ghorofa ya chini. Lakini liseme katika tangazo lenyewe, mstari wa juu. Mtu asiyekubaliana nalo atatafuta nyumba nyingine na hamtakuwa mmekosana.

Watu wangapi, na nani analala

Hapa ndipo ugomvi mwingi ulipo. Nyumba imekodiwa na watu wanne. Usiku wako tisa. Mwenye nyumba anaona ametapeliwa. Mgeni anaona ametukanwa, kwa sababu mtu akifika Mombasa kutoka Nairobi, kila jamaa yake wa pwani hujua, na shangazi hawezi kukaa nyumbani kwake asije na sufuria la biriani kumwona mtoto wa ndugu yake. Ukiandika "wageni hawaruhusiwi" unamtaka mtu amfukuze shangazi yake mlangoni. Hatafanya hivyo. Atamwingiza kwa uongo getini, na kuanzia hapo hamwaminiani tena.

Tenganisha anayelala na anayetembelea. Andika kwa mfano hivi: "Nyumba ni ya watu wanne kulala. Watoto walio chini ya miaka mitatu hawahesabiwi. Mnaweza kutembelewa na watu wanne kwa wakati mmoja. Waandikishwe getini na waondoke kabla ya saa tatu usiku. Anayeongezeka kulala nitajie mapema, ni shilingi 1,000 kwa usiku." Kila neno hapo lina kazi. Mtoto umemtaja, kwa hiyo hakuna kubishana juu ya kichanga. Ziara umeiruhusu na kuipa mpaka. Nyongeza ina bei, tena bei inayolipika, kwa hiyo kusema kweli ni rahisi kuliko kudanganya. Ukiweka shilingi 5,000, utadanganywa.

Sherehe ni jambo jingine, usizichanganye na ziara. Airbnb ilipiga marufuku sherehe katika nyumba zake zote duniani Agosti 2020, na Juni 2022 ikaifanya marufuku hiyo kuwa ya kudumu. Ilikuwa imeshaanza kubana tangu watu watano walipouawa kwa risasi katika sherehe ya nyumba ya kukodi huko Orinda, California, usiku wa tarehe 31 Oktoba 2019. Wewe kwako unaweza kuruhusu au kukataa, ila usiache neno "sherehe" likielea. Keki na watu wanane mchana ni sherehe? Sema ndiyo au hapana.

Kuhusu vitambulisho, nchini Kenya mambo yalibadilika Januari 2024, baada ya wanawake wawili vijana kuuawa Nairobi katika nyumba za kukodi kwa siku, mmoja baada ya mwingine ndani ya mwezi huo. Tarehe 27 wanawake waliandamana katika miji kadhaa, na serikali ikawataka wenye nyumba hizi wajisajili na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Tangu hapo, kumtaka kila anayelala aonyeshe kitambulisho si dharau. Ni ulinzi wake, na mwambie hivyo unapomwomba. Lakini ukishaichukua picha ya kitambulisho umechukua na wajibu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019, na ile ya taarifa binafsi ya Tanzania ya 2022, hazikuruhusu kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la wenye nyumba kwa maelezo ya "mjihadhari na huyu". Iweke mahali pamoja, asiione mtu asiyehusika, na uifute ukishamaliza haja nayo.

Umeme, dipoziti na vilivyovunjika

Tokeni za umeme huvunja urafiki kwa haraka ya ajabu, kwa sababu AC mbili zikiwashwa kutwa na milango ya roshani ikiwa wazi, yuniti ulizodhani ni za wiki huisha kwa siku mbili. Chagua mfumo mmoja. Ama umeme umo ndani ya bei na hutalalamika, ama unampa yuniti kadhaa na zinazozidi ananunua mwenyewe. Ukichagua huu wa pili, mwachie namba ya mita, na mgeni anapoingia nyote wawili muisome mita na kuipiga picha. Kauli kama "tumieni umeme kwa busara" mwisho wake ni mabishano.

Dipoziti iombe peke yake, isichanganywe na kodi, ili ujumbe wake wa M-Pesa usimame peke yake. Taja siku na saa ya kuirudisha: "ndani ya saa 24 baada ya kuondoka". Taja pia nani anabeba ada ya kutuma. Halafu toa orodha fupi ya bei: rimoti ya AC, funguo, shuka, taulo, kioo cha meza. Bei ziwe zile za dukani, na risiti uwe nazo. Kwa waliopata nyumba kupitia Airbnb, usidai dipoziti pembeni. Mtandao huo haumruhusu mwenye nyumba wa kawaida kufanya hivyo. Badala yake una siku 14 tangu mgeni aondoke kuwasilisha dai la uharibifu, na mgeni hupewa saa 24 kulijibu kabla hujawahusisha Airbnb wenyewe.

Siku ya kuingia, msimamizi azunguke na mgeni, simu ikirekodi video: makochi, godoro bila shuka, friji ndani, mlango wa kabati uliolegea, doa la zamani ukutani. Yaonyeshe mwenyewe madoa ya zamani. Mgeni akiona unakiri yaliyokuwapo, ataamini unapodai yaliyozuka. Siku ya kuondoka, msafishaji aingie kabla mgeni hajafika kituoni au uwanja wa ndege, kwa sababu dai linalokuja baada ya siku tatu, na mtu mwingine ameshalala humo, halina nguvu.

Na jifunze kutofautisha uharibifu na uchakavu. Kitasa kilicholegea baada ya miaka minne hakikuvunjwa na mgeni wa wiki hii. Glasi moja si ya kukatia mtu dipoziti. Anayedai glasi moja hupoteza mgeni ambaye angerudi mwezi wa Desemba na familia yake.

Ugomvi unapokuwa umeshawaka

Ni saa nne na nusu usiku, askari amekupigia. Usipige simu ukiwa na hasira. Andika kwanza, kwa sababu maandishi yatabaki. Ujumbe wa namna hii hufanya kazi:

"Habari za usiku, dada. Ni mimi mwenye B4. Jirani ana mtoto mchanga na muziki wa roshani unamfikia. Tulikubaliana roshani inyamaze saa nne. Naomba mhamie ndani na mfunge mlango wa kioo. Ahsante sana, muendelee vizuri."

Angalia yaliyomo: tatizo ni la mtu halisi, makubaliano yametajwa, jambo linaloombwa ni moja na linafanyika kwa dakika mbili, na heshima ya mgeni haijaguswa. Hakuna kitisho. Kitisho kiweke kwa ujumbe wa pili, baada ya nusu saa, nacho kiwe kile kile kilichoandikwa kwenye kanuni, kisizidi.

Ikibidi mtu aende mlangoni, waende wawili, na mmoja awe mtu mzima anayestahiwa. Kijana wa getini akimgongea mzee mlango usiku na kumwambia "zimeni hiyo", umeanzisha ugomvi wa pili mkubwa kuliko wa kwanza. Aanze na shikamoo, aongee nje ya mlango, asiingie. Na haya usiyafanye kamwe, hata ukiwa na haki yote: kuzima umeme au maji, kuchukua funguo, kutoa mizigo nje, kuwafungia nje watu wenye watoto usiku. Siku utakayoeleza kisa hicho mbele ya mtandao, polisi au hakimu, watakachouliza kwanza ni hicho ulichofanya, na muziki utakuwa umesahaulika. Kukiwa na vita, silaha au mtu anayelia kuomba msaada, hilo si la kanuni za nyumba tena. Piga polisi mara moja.

Ukiwa wewe ndiwe mgeni

Kabla ya kutuma pesa uliza mambo manne na ujibiwe kwa maandishi: wangapi kulala na wangapi kutembelea, umeme ni wa nani, dipoziti inarudi lini, na saa za kuingia na kutoka. Asiyetaka kujibu kwa maandishi amekwisha kukujibu. Uliyempata kwenye mtandao akikwambia umlipe pembeni ili apunguze bei, kataa. Ulinzi wote wa mtandao huo hubaki kwenye malipo yaliyopitia kwake.

Ukifika, rekodi video yako mwenyewe hata kama msimamizi amerekodi yake. Nyumba ikiwa si ile ya kwenye picha, AC haipozi au maji hakuna, sema siku hiyo hiyo. Airbnb hutaka tatizo liripotiwe ndani ya saa 72 tangu ulipoligundua, na hata kwa mwenye nyumba wa WhatsApp, aliyekaa siku tano bila neno kisha akadai nusu ya pesa asubuhi ya kuondoka hasikilizwi. Mpe nafasi ya kutengeneza. Ukivunja kitu, mwambie kabla hajakiona. Mara nyingi ataghairi kukutoza, au atakutoza kidogo.

Kamera zichunguze. Tangu tarehe 30 Aprili 2024 Airbnb hairuhusu kamera yoyote ndani ya nyumba, hata sebuleni, hata iliyozimwa. Za nje zinaruhusiwa zikitajwa kwenye tangazo. Ukiikuta ndani usiing'oe. Ipige picha pale ilipo, ondoka chumba hicho, na uripoti.

Na shangazi akisema anakuja, mpigie mwenye nyumba kabla shangazi hajapanda kivuko.

Mkishaachana

Kwenye Airbnb kila upande una siku 14 za kuandika maoni, na hayaonekani mpaka wote wawili wawe wameandika au muda uishe, kwa hiyo usiogope kulipiziwa kwa ulichoandika. Andika matendo, si tabia. "Walilala watu tisa badala ya wanne na muziki ulizimwa saa nane usiku baada ya jumbe tatu" humsaidia mwenye nyumba mwenzako. "Watu wasio na adabu" halimsaidii yeyote. Usitaje kabila, dini wala mavazi ya mtu.

Pesa zikiwa nyingi na mmeshindwa kupatana, Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya 2016 na kuanza kusikiliza kesi 2021. Hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Kwa shilingi elfu mbili au tatu usiende; gawaneni hasara na muachane. Kwa televisheni iliyovunjwa au dipoziti ya maelfu iliyozuiwa bila sababu, nenda, na ubebe mazungumzo yote ya WhatsApp bila kufuta hata mstari, ujumbe wa M-Pesa wa kodi na wa dipoziti, video mbili, ya kuingia na ya kutoka, na risiti ya fundi. Risiti hiyo iwe na tarehe na ieleze kifaa gani kilitengenezwa. Iliyoandikwa tu "matengenezo" itakataliwa, na hapo kesi yako itakuwa imebaki na maneno matupu.